Kiti cha Saba Hakiachwi Wazi

Nyumba ya kwanza nyuma ya ukumbi wa bendi,
Shuleni.
Jumapili, tarehe 17

Mpendwa Shangazi,

Hapana, mume wangu hajanifungia ndani. Nimeisoma sentensi ya mwisho ya barua yako mara nne, nikacheka, kisha kicheko kikaishia njiani, maana nilitazama dirishani nikaona lango la shule, nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nililivuka. Ilikuwa kununua nyuzi. Nilirudi mbio kabla ya kengele ya mazoezi.

Lakini ngoja nikusalimu kwanza, kwa sababu hukunilea niingie kwa watu na habari mdomoni kabla ya salamu. Shikamoo, Shangazi. Jicho la kulia linaendeleaje? Na la kushoto, bado linaona ukungu asubuhi? Natumaini umeacha ubishi wa kutia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Mimi ni mzima, mume wangu ni mzima, na paa letu halivuji. Shikamoo na wewe, Mzee Fundi Saa, jirani mwema unayemsomea Shangazi barua hii. Najua umevaa lenzi yako ya kutengenezea saa. Soma yote bila kuruka, isipokuwa pale nitakapokuomba uruke.

Hapa, kwa mfano, ruka mistari mitano. Shangazi, nimependwa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi akakuta mwenzake ameshaamka, ameketi ukingoni mwa kitanda, anamtazama tu kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuimba. Anahesabu vidole vyangu, moja mbili tatu nne, anarudia tena, kana kwamba jana vilikuwa pungufu. Chai yangu anaipoza yeye. Siku nikiumwa kichwa, anatembea kwa soksi. Kama haya ndiyo maisha ya ndoa, basi wanaolalamika wameolewa nyumba isiyo sahihi.

Umeruka, Mzee Fundi? Sidhani.

Sasa nikueleze ninapoishi, maana siku ya harusi mguu ulikukatalia safari na hujapaona. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na ukuta wa chumba cha kulala ndio ukuta wa ukumbi wa bendi. Ng'ambo ya ukuta, hasa pale ninapoweka kichwa, hukaa mtoto wa tuba, lile dude kubwa la shaba linalozunguka mwili kama chatu. Akipuliza noti ya chini, vikombe vyangu vinasogea rafuni. Nimevipigia mstari wa chaki nijue vimetembea kiasi gani kwa wiki. Mlango wetu unafungukia uwanja wa gwaride, na mistari myeupe ya kupangia safu inaanzia kizingitini pangu. Hata kuanika nguo lazima nivizie safu zipite.

Na watoto wenyewe, Shangazi, ni taifa zima ndani ya shule. Viti vyao ni arobaini na vitatu. Hawatembei kama wanafunzi wengine. Hata wakienda kula, huanza kwa mguu wa kushoto, wote. Wapiga ngoma huficha fimbo zao kwenye soksi na hawawezi kuona meza bila kuigonga. Wapuliza shaba huwaita wenye klarineti "watafuna vijiti", na wenye klarineti huwaita wenzao "masufuria". Anayebeba ngoma kubwa hapangi foleni ya chakula, kwa sababu ameshabeba mzigo wake wa siku. Mwingine asiye wa bendi akijaribu kupanga foleni pamoja nao, wanamwuliza kwa upole kama anajua kuhesabu mpaka nne.

Jina la kubatizwa halina kazi humo. Mtu huitwa kwa kiti chake. Kuna Kiti cha Kwanza, Kiti cha Tisa, na kadhalika. Wachache sana hupewa jina la heshima. Kiongozi wao wa gwaride, msichana wa kidato cha mwisho, mrefu, asiyetabasamu, huitwa Fimbo, kwa sababu ya ile fimbo ya kuongozea. Mume wangu, mwalimu wao, wanamwita Mapigo, kwa kuwa huhesabu mapigo hata akitafuna.

Juu ya mila zote hizo ipo sheria moja tu, imeandikwa kwa rangi nyuma ya mlango wa ukumbi: KITI HAKIACHWI WAZI. Maana yake ni kwamba ukishakaa kwenye kiti cha bendi, ukapiga wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila karatasi, kiti hicho ni chako. Na hutoki, hata kama una homa kali, mpaka umfundishe mtu mwingine sehemu yako, naye akae, apige wimbo wote bila karatasi mbele ya wote. Sheria hii aliitunga mume wangu mwenyewe na wenzake walipokuwa wanafunzi hapahapa. Mwaka wao, watatu waliacha bendi wiki moja kabla ya mashindano, waliobaki wakapanda jukwaani na viti vitatu vitupu, wakachekwa. Miaka kumi na moja imepita na bado akisimulia huangalia chini.

Mimi sheria hiyo niliisikia baada ya kuivaa.

Ilikuwa wiki ya tatu ya ndoa. Nilimpelekea mume wangu maji ya kunywa ukumbini. Nikakuta Kiti cha Saba hakina mtu. Ni kiti cha klarineti ya pili. Mwenyewe alikuwa amehamishwa shule na wazazi wake ghafla, hakumwacha mtu. Klarineti yake ilikuwa imelazwa juu ya kiti kama mgonjwa. Na wimbo waliokuwa wakifanyia mazoezi, Shangazi, ni uleule niliokuwa nikiupiga shuleni kwetu, ule uliouchoka mpaka ukanituma nikaufanyie mazoezi chooni. Mimi na kiherehere changu cha bibi harusi, nikaona nitamfurahisha mume wangu. Nikakaa. Nikaupiga wote, hadi mwisho, macho nimefumba.

Nilipofumbua, hakuna aliyepiga makofi. Walisimama wote, wakakita mguu wa kushoto mara moja, pu. Nikadhani ndiyo namna yao ya kushangilia. Nikainama kwa adabu, nikashukuru. Mume wangu alikuwa ameshika glasi ya maji, haendi nayo popote. Kisha Fimbo akanijia na koti jekundu la gwaride, akalifungua nione bitana. Ndani yameandikwa majina saba kwa wino, ya wote waliowahi kukalia kiti kile, na nafasi tupu chini yake. Akanipa kalamu. Nikaandika jina langu kwa mwandiko wangu mzuri, nikaongeza na ua.

Tangu siku hiyo naitwa Mama Saba. Mazoezi ni kila siku baada ya masomo, na Jumamosi tangu asubuhi. Kanuni za mashindano zinaruhusu watu wazima wawili wanaoishi ndani ya shule, kwa hiyo hata huko hakuna mlango wa kutokea. Mwanzoni nilifurahi. Nani asingefurahi kuketi kila siku mbele ya mumewe, amtazame akinyanyua mikono, na ajue kwamba pumzi yake inaanzia pale mkono unaposhukia? Lakini siku zilivyokwenda nikaanza kuamka na wimbo uleule kichwani, nikipika nahesabu, nikifagia nahesabu. Ni kama kuwa sauti ndani ya tarumbeta: njia ya kutokea ipo na unauona mwanga wake, ila lazima kwanza uzunguke, na uzunguke tena.

Ndipo barua yako ya kwanza ikaja, kwamba daktari amepanga upasuaji wa jicho Alhamisi tarehe 28, na kwamba hutaki mtu mwingine akushike mkono ila mimi. Mashindano ni Jumamosi tarehe 30. Kutoka hapa kwako ni siku mbili za basi. Nilihesabu vidole vyangu mwenyewe siku hiyo, na havikutosha.

Najua utasema ningechukua mkoba nikaondoka. Lango halina mtu wa kunizuia, na mlinzi ananiheshimu. Lakini katikati ya wimbo ule, bendi nzima hunyamaza na klarineti ya pili hupiga peke yake mapigo kumi na sita. Ningeondoka, pangekuwa na mapigo kumi na sita ya kimya, na watoto arobaini na wawili wakimtazama mwalimu wao. Tena muhula uliopita mvulana wa Kiti cha Ishirini alitaka kwenda kwenye harusi ya dada yake. Mume wangu alimzuia mpaka alipompata mtu. Harusi ikapita.

Nilimwomba, Shangazi. Sijakuficha hata kimoja tangu utoto, sitaanza leo. Nilimwomba mezani, nikalia kidogo juu ya wali. Aliweka kijiko chini, akasema taratibu, "Nikikutoa wewe kwa mlango wa nyuma kwa sababu ni mke wangu, yule wa Kiti cha Ishirini nitamtazama kwa macho gani?" Siku ile nilimpenda na kumkasirikia kwa kiwango kimoja, na nilipolala niliugeuzia uso ule ukuta wa tuba.

Basi nikaanza kutafuta wa kumrithisha. Nikampata msichana wa kidato cha kwanza wanayemwita Konokono, kwa kuwa hujifunza polepole na hakati tamaa. Nilimfundisha kwa siku kumi jikoni kwangu, huku maharage yakichemka. Moyo anao, masikio anayo, lakini vidole vyake ni vifupi, havifuniki matundu ya chini. Kila akifika kwenye yale mapigo kumi na sita, klarineti inapiga mluzi. Siku ya kumi alilia, nikalia naye, maharage yakaungua. Nikawaendea wengine. Wakaanza kunikwepa. Wapiga ngoma wakatunga msemo, nikausikia kwa masikio yangu nikipita karibu na bomba: ukimwona Mama Saba anakuja anatabasamu, kimbia, ana kiti mkononi. Nilicheka mbele yao. Nyumbani sikucheka.

Katika siku hizohizo nikaanza kusikia bata.

Kila mchana baada ya chakula, mume wangu huenda kwenye kikao cha walimu. Nami nikijilaza, nasikia ng'ambo ya ukuta, kwenye stoo ya vyombo, mtu anapiga sehemu yangu kwa klarineti. Anavyopiga, Shangazi, ni aibu. Sauti ni ya bata aliyekanyagwa. Nikajua ni Konokono, anajaribu kwa siri asinikatishe tamaa. Moyo ukanilainika. Jioni nikamwambia mume wangu habari za yule bata, nikamwambia tena amwelekeze asikaze midomo, apulize kama anapoza chai ya mtu anayempenda. Akaniambia, "Nitamwambia."

Kesho yake bata akawa na nafuu. Nikamwambia mume wangu kwamba sasa tatizo ni kidole gumba cha kushoto, kinachelewa. Akasema atamfikishia. Siku mbili baadaye kidole gumba kikawahi. Nikamsifu mume wangu kwamba hakika ni mwalimu hodari, anafundisha hata kwa kutuma salamu. Akapaliwa na maji.

Kumbuka tu, Shangazi, kwamba tarumbeta ndiyo chombo chake. Maisha yake yote hajawahi kutia kinywani kimwanzi cha klarineti, kile kijiti cha kupulizia. Mimi hilo nilikuwa nalijua, na bado sikushtuka.

Ijumaa, juzi, nilichelewa mazoezini. Nilikuwa nimekaa kitandani na koti jekundu mapajani, nikijiandaa kukuandikia barua nyingine kabisa, ya kukuomba msamaha kwamba sitakuja. Nilikuwa nimeshaandika "Mpendwa Shangazi" na kukwama hapo. Kengele ikalia, nikavaa koti, nikaenda.

Nilipofungua mlango wa ukumbi walikuwa wote wameketi, kimya. Juu ya kile kisanduku cha kusimamia alisimama Fimbo, amevaa glavu nyeupe. Ni glavu za mume wangu, zile alizozinunua mwaka ule waliochekwa, akaziweka miaka kumi na moja ndani ya karatasi laini, akisubiri siku atakayosimama na bendi hii mbele ya majaji. Hajawahi kuzivaa. Na kwenye Kiti cha Saba ameketi mume wangu, magoti juu kama panzi, klarineti mkononi.

Nilisimama pale mlangoni nikiwa na koti langu. Fimbo akauliza, kama desturi yao ilivyo, nani anaacha kiti. Mume wangu akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya kuniingiza kwenye wimbo. Nikasema ni mimi. Fimbo akauliza nani anakichukua. Akajibu, "Mimi. Mke wangu ana mgonjwa wa kushikwa mkono."

Akapiga. Bila karatasi, tangu mwanzo. Nilipoisikia noti ya kwanza tu nilimtambua bata wangu, Shangazi, nikaziba mdomo kwa mkono wa koti. Wimbo ulipofika katikati, bendi ikanyamaza, naye akaingia peke yake kwenye mapigo kumi na sita. Kwenye la tisa klarineti ilipiga mluzi. Watoto wote walisikia. Hakusimama, aliendelea hadi la mwisho, jasho likimdondokea kwenye vidole. Midomo hakuikaza. Alipuliza kama anapoza chai.

Fimbo akashusha zile glavu nyeupe, akawatazama wenzake. Sheria inasema apige wote, bila karatasi, hadi mwisho. Haisemi apige vizuri. Lakini uamuzi ni wao, na mvulana wa Kiti cha Ishirini alikuwa amekaa palepale, nyuma yake. Ndiye aliyeanza. Alisimama peke yake, akamtazama mwalimu wake, akakita mguu wa kushoto. Kisha wengine wakafuata, pu, mpaka vikombe vyangu nina hakika vilihama rafu.

Nikavua koti. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya mistari myeupe, lango liko wazi mbele yangu, nami nikagundua sijui niweke wapi mikono. Miezi miwili nimelalamikia kiti kile. Nilipotolewa nilitaka kurudi ndani nimwambie ainuke, achukue glavu zake. Sikurudi. Nilifikiria jicho lako, nikafikiri pia kwamba kuna zawadi ukiirudisha unamvunja aliyeitoa.

Kwa hiyo, Shangazi, sasa aliyefungwa ni yeye. Jumamosi ile wataongozwa na Fimbo, na yeye ataketi safu ya pili, nyuma ya wasichana wadogo, akisubiri mapigo yake kumi na sita. Nilimwuliza kama anasikitika. Alinijibu kwamba kutoka pale kitini anaona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa juu ya kisanduku: mgongo wa koti la mbele yake una tundu, na anaomba nilishone kabla sijaondoka.

Nimeshona yote. Koti la Kiti cha Saba lilimbana, nikalifumua ubavuni na kulipanua kwa ule mshono wako wa kurudi nyuma, ulionifundisha kwenye pazia. Mikono bado ni mifupi. Ataonekana kama mtoto aliyekua likizoni. Ndani ya bitana, chini ya jina langu na lile ua, ameandika la kwake kwa herufi ndogo, akaacha nafasi chini. Konokono anaendelea kuja jikoni kila jioni. Vidole vinakua, Shangazi. Mwakani huenda akamtoa.

Nisalimie kaka zangu wote wawili na wake zao, na yule mdogo wa mwisho mwambie viatu vyake vya harusi nimevikuta chini ya kabati. Msalimie mama muuza mkaa wa kona. Mzee Fundi Saa, asante kwa macho yako, unayomkopesha Shangazi bila kuchoka. Mwenyezi Mungu amwongoze mkono daktari, akurudishie mwanga wako taratibu usikuumize, na akufumbulie jicho siku ambayo sura ya kwanza utakayoiona itakuwa inacheka.

Tiketi ninayo, nimeiweka ndani ya sanduku la klarineti kwa sababu hakuna anayethubutu kulifungua bila ruhusa. Naondoka Jumatatu tarehe 25 kwa basi la kwanza, Jumanne jioni nitabisha mlangoni kwako. Alhamisi mkono wako utakuwa ndani ya wangu. Na Jumamosi asubuhi, wakati huku wanapanda jukwaani, nitakaa kando ya kitanda chako, nawe ukiwa bado na bandeji, tutahesabu pamoja mapigo kumi na sita, na tukifika la tisa tutashika pumzi. Usimkabidhi mtu mwingine mkono huo. Kabla mwezi huu haujaisha, Shangazi, naja.

Ni mimi, mwanao nikupendaye kuliko nyimbo zote,
Mama Saba wa zamani